Siku Wote Walipopanda Pembea

Bi Mwanakombo, ambaye nyumba yake na ya Siwema zinaegemea ukuta mmoja, anadai aliwaona kwa macho yake mawili. Wanaume watatu, anasema, viatu vya kamba, mashati ndani ya suruali, walifika uwanjani wakati jua la siku ile lilikuwa bado halijasukumwa. Wakatoa uzi, wakaipima Pembea. Wakaipima urefu, wakaipima upana, wakapima na unene wa nguzo, bila kusemezana, kama wanavyopima maiti watu wa kuchimba kaburi. Na Pembea, anadai Bi Mwanakombo, ikabana masanduku yake kama bibi harusi anavyobana magoti, ikalia. Si mlio ule wa kila siku wa mbao kusugua mbao. Kilio, cha mtu mwenye koo. Halafu mmoja akachomeka kibao mchangani, wakaondoka, na nyayo zao hazikubaki.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Siwema alimuuliza. Alikuwa amekaa kizingitini, anaisugua mikono yake kwa nazi iliyokunwa, maana ilikuwa imepasuka tena.

"Dirishani."

"Hukuwauliza wanataka nini?"

"Niwaulize nini, mwanangu, nami sijanawa uso?"

Siwema hakuyapokea yote. Bi Mwanakombo akiona paka, kufika kwa jirani ameshakuwa chui. Lakini kibao kilikuwepo. Alikisoma polepole, neno baada ya neno, kidole juu ya herufi: Pembea hii itaondolewa kesho alasiri. Mahali pake itawekwa Pembea Mpya. Akakisoma tena. Akatafuta kama kuna mahali panaposema habari ya anayesukuma. Hapakuwapo.

Lazima ielezwe Pembea ilikuwa nini, maana mtu aliyezaliwa mji mwingine atadhani ulikuwa mchezo. Ilikuwa gurudumu la mbao za mvule, refu kushinda kila paa, limesimamishwa baina ya nguzo mbili, likaning'inizwa masanduku manane ya kukalia. Haikuwa na mota wala mnyama wa kuivuta. Aliyetaka kuizungusha alisimama chini, akalidaka sanduku linaloshuka, akalisukuma kwa kifua na mikono mpaka likapanda upande wa pili, akageuka kudaka lijalo. Na mji ule haukuwa na saa. Jua lilikuwa limefungwa kwenye Pembea kwa kamba ambayo hakuna aliyewahi kuiona na hakuna aliyewahi kuibishia. Pembea ikizunguka, jua linapanda. Pembea ikisimama, jua nalo linasimama, na vivuli vinalala miguuni mwa watu kama mbwa waliofungwa. Kwa hiyo alikuwepo mtu aliyeamka gizani kila siku akaisukuma ili kupambazuke, akaisukuma ili wali uive mchana, akaisukuma ili watu wapate kulala. Watu walisema, "Kumekucha." Hakuna aliyesema, "Siwema amekucha."

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo ndilo lililowafanya waipende mpaka kutoana macho. Aliyepanda akafika juu kabisa, kwa muda wa pumzi moja alirudia umri aliokuwa nao siku alipopanda mara ya kwanza. Babu asiye na meno alifika kileleni akawa mtoto wa miaka saba, naye hana meno, lakini kwa sababu nzuri zaidi. Mjane alifika akawa mwari. Pumzi moja tu, kisha sanduku linashuka na umri unamrudia mtu taratibu kama kanzu inayovishwa kichwani. Walishuka macho yana maji, hawasemi, wanatabasamu peke yao. Ungewahurumia.

Lakini umri haupotei. Mmoja akiuvua, mwingine atauvaa. Ule uliovuliwa juu ulianguka chini, ukamkuta aliyesimama pale anasukuma, na wa kwake ukawa pale pale haupungui. Aliyeshuka alirudishiwa wake. Aliyesukuma alibaki na pumzi ile moja ya uzee wa mtu mwingine begani. Pumzi moja si kitu. Ila pumzi za mji mzima, kila siku, mwaka hadi mwaka, hizo ni maisha.

Wazee wa kwanza walilijua hilo, ndiyo maana waliweka desturi ya maneno mawili: ukishuka, sukuma. Kila aliyeshuka alimsukuma anayefuata, mizunguko saba, na uzito ukagawanywa kwa wote kama nyama ya arusi; hakuna aliyeshiba wala aliyekosa. Mpaka siku moja mtu mmoja alishuka, akashika kiuno, akamwambia mama yake Siwema, "Mama Siwema, leo mgongo unanikata. Nisukumie. Zamu yangu nitakupa wewe." Mama Siwema alikuwa na moyo mwepesi, akamsukumia. Kesho yake mji mzima ulikuwa na maumivu ya mgongo.

"Zamu yako ipo, Mama Siwema," walimwambia wakipita.

"Ipo, haiendi popote."

"Zamu haiozi."

Siku alipokufa, wanawake waliokuja kumwosha walidhani wamekosea nyumba. Walitegemea maiti ya mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Walikuta kikongwe mwepesi kama kapu tupu. Waliosha, hawakuuliza. Baada ya mazishi walikuja kumpa mkono wa pole Siwema, na wa mwisho kuingia akasema, kwa upole kabisa, kwamba jua halijatoka tangu msiba uanze, na je, ataweza kuja uwanjani, na ile zamu ya marehemu sasa ni yake.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ana ishirini na mmoja, na mikono yake ina sabini.

Alichokitaka Siwema kilikuwa kitu kimoja, na si kikubwa. Alitaka kupanda mara moja. Akae sandukuni, mtu mwingine asukume, afike juu. Alikuwa akiligeuza swali moja moyoni miaka minane, kila sanduku lilipomgonga kifuani: mtu ambaye hajawahi kupanda, akifika juu, atarudia umri gani? Wengine wanarudia siku yao ya kwanza. Yeye siku yake ya kwanza itakuwa ile ile. Je, atabaki alivyo, ishirini na mmoja, lakini mikono ya ishirini na mmoja? Au uzee wote wa watu alioubeba utamtoka, uwarudie wenyewe, kila mmoja nyumbani kwake, akiwa anakula? Au atafika juu asiwe kitu chochote, sanduku tupu, kwa kuwa mtu ambaye mji haukumpa hata mzunguko mmoja labda hajaanza kuwepo? Hilo la mwisho lilimtia hofu. Lakini hata hilo alitaka kulijua, tena alijue kwa kuliona. Na kibao kilisema kesho alasiri.

Jioni ile kukaitwa kikao uwanjani. Walikuja wote, wakakaa mchangani mafungu mawili, na Pembea katikati yao imesimama na jua limesimama nayo, jekundu, haliwezi kuzama mpaka kikao kiishe. Siwema alikaa mahali pake, chini ya sanduku la chini, mgongo kwenye nguzo. Huku walikuwa wale waliojiita Wapenzi wa Pembea, na mkubwa wao Maalim Vuai, mzee wa kofia iliyodariziwa magurudumu, ambaye alijua jina la kila fundi aliyepigilia kila msumari, na ambaye katika maisha yake hajapata kupigilia hata mmoja. Kule walikuwa wanaotaka mpya, na mkubwa wao Machano, fundi redio, kijana wa maneno mengi. Alikuwa amebeba picha ya Pembea Mpya, ameishika mbele ya kifua kama mtu aliyebeba picha ya marehemu.

Kikao kilikuwa na desturi yake: mtu akisimama, kwanza ataje amepanda mara ngapi, na aliyepanda zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi.

"Mara elfu nne," alisema Maalim Vuai, na watu wakaitikia kwa heshima. "Elfu nne, na kila mara nimeusikia ule mlio. Mlio ule ndio roho yake. Chuma hakilii hivyo."

"Mlio ule ni kutu ya mhimili, Maalim," alisema Machano. "Elfu moja na mia mbili. Tena nimeipenda kabla sijaota ndevu, asinifundishe mtu kuipenda. Lakini tuseme kweli. Mbao zimeoza. Sanduku la tano lina kunguni."

"Sanduku la tano lile la kijani, usilitaje kwa mdomo huo."

"La samawati."

"La kijani."

"Maalim, sanduku la tano ni samawati tangu babu yangu."

"Babu yako alipanda mara kumi na moja, tena ya kumi na moja alitapika."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakaanza kugombana kweli. Kijani. Samawati. Ndugu wa tumbo moja walisimama wakakabana mashati. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe mbele za watu kwamba amekaa naye miaka kumi bila kujua anaishi na mtu wa samawati. Sanduku la tano lenyewe lilikuwa linaning'inia pale pale juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeinua uso kulitazama. Siwema alilitazama. Halikuwa na rangi. Ilikwishatoka zamani, na yeye alijua ilitoka wapi ikaenda wapi, kwa kuwa ilikuwa kwenye viganja vyake, kidogo ya kijani na kidogo ya samawati, imeingia ndani ya nyufa haisuguliki.

Machano alipopata nafasi alieleza ya mpya. Chuma kitupu. Vioo. Mikanda ya kiunoni. Taa za rangi. Na swichi moja.

"Itazungushwa na nani?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Na swichi."

"Na jua?"

"Jua litafuata swichi, Bi mkubwa. Ukitaka asubuhi ndefu, unapata. Ukimchoka mgeni, unaleta magharibi."

Hapo hata Wapenzi wakaanza kufikiria wageni wao.

"Swichi atashika nani?" alisema Siwema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kwa kuwa haikuwahi kusikika kikaoni, vichwa viligeuka kutafuta imetoka wapi, kama mtu anayesikia kiti kikisema. Machano alikunja picha yake, akaikunjua.

"Umepanda mara ngapi, binti?" aliuliza Maalim Vuai.

"Sijapanda."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Si kicheko kibaya, wangekwambia wenyewe. Kicheko tu cha watu waliosikia jambo la ajabu. Sijapanda. Miaka yote yuko chini yake na hajapanda. Kama mpishi anayesema hajala.

"Basi ngoja waliopanda wamalize," alisema Maalim, bila ukali.

"Nina neno moja tu. Kabla haijaondolewa, nipandisheni. Zamu yangu na zamu ya mama yangu, zote mbili ziwe moja. Mtu mmoja asukume, nifike juu, nishuke. Halafu bomoeni au msibomoe."

Maalim Vuai alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mwanangu, sisi tunapigania Pembea nzima, historia nzima ya mji, wewe unatuletea habari ya zamu?"

"Na kwa nini upande hili gogo?" alisema Machano. "Ije mpya, utapanda wa kwanza. Zamu yako ipo."

"Ipo," alisema Maalim.

"Haiendi popote," alisema mtu.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo pande mbili zilikubaliana jioni ile.

Siwema alikaa. Hasira ilipanda, si kama moto, watu husema moto kwa kuwa hawajaikalia. Ilipanda kama maji ndani ya mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja. Tone. Mikono hii. Tone. Gogo, anasema, gogo. Tone. Wote wanalilia mlio, hakuna aliyeuliza unatoka kwenye nini. Mbao hailii peke yake. Mbao inalia ikikutana na mtu. Ule mlio ni mimi. Kabla yangu ulikuwa mama. Elfu nne zake, nani alizisukuma. Elfu moja na mia mbili zake, nani. Wanapendana na kitu kilichowainua, na kila mmoja anadhani kilimwinua chenyewe. Wa zamani wananipenda nikiwa chini. Wa mpya hawanipendi popote. Tone. Mtungi ukijaa haupigi kelele. Ukijaa unanyamaza.

Ndipo Maalim Vuai aliposimama tena, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo.

"Kibao kinasema alasiri," alisema. "Sasa, ndugu zangu, alasiri inaletwa na nini? Inaletwa na Pembea. Kesho tupande sote. Tukae humo humo. Ikifika adhuhuri isimame, na ikisimama, jua limesimama, na alasiri haifiki. Isipofika alasiri, watakuja saa ngapi hao wabomoaji?"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Ilikuwa akili kubwa, lazima ikubaliwe. Hata upande wa Machano walipiga makofi kabla hawajakumbuka wao ni wa upande gani.

Asubuhi Siwema aliamka gizani kama kawaida, akasukuma, kukacha, akaendelea mpaka jua likakaribia utosini. Walikuwa wameshapanga mstari. Masanduku yalikuwa ya watu wanne wanne, lakini mji ule haukuwahi kushindwa na hesabu: sanduku moja lilimeza ukoo, na mabegi yao, na birika. Wa kwanza kupanda alikuwa Bi Mwanakombo, amesukuma watu kwa viwiko asiachwe. Siwema akausukuma mzigo ule hatua moja. Sanduku la pili likajaa. Hatua moja. La tatu. Maalim Vuai aliwaachia wengine watangulie, akapanda la nne, na watu wakasema ni adabu ya mzee. Ilikuwa hesabu. Alikwishaipiga, akajua kwamba masanduku yote yakijaa kwa zamu, la nne ndilo litakalokuwa juu kabisa Pembea itakaposimama.

La tano. La sita. Kila lililopita kileleni, umri wa ukoo mzima ulishuka ukamkalia Siwema mabegani, na hakuna aliyetazama chini. Walikuwa wanaimba.

Ndipo Machano na watu wake wakaja. Walisimama pembeni kitambo, mikono nyuma. Ungedhani wamekuja kuzuia.

"Mbona mnatutazama?" Bi Mwanakombo aliwauliza kutoka juu. "Mlisema gogo."

"Tukibaki chini," alisema Machano, "kesho mtasema sisi hatukuipenda."

"Hamkuipenda."

"Nimeipenda kuliko wewe, Bi mkubwa. Nataka iondoke kwa kuwa naipenda." Na macho yake kweli yalikuwa na maji. Akaingia sanduku la saba na watu wake wote, ati waiage. Hakuna hata mmoja katika mji ule aliyekubali kuwa yule aliyependa kidogo.

Siwema akalisukuma la saba, hatua moja. La nane likashuka mbele yake, tupu. Hakuna aliyelitaka; nani anapanda ili akae chini? Jua lilikuwa utosini. Kutoka kileleni Maalim Vuai alipunga mkono.

"Basi, binti. Nenda kapumzike."

Hajapata kuambiwa neno hilo. Alisogea hatua tano, akakaa kwenye mchanga moto, akaitazama Pembea kwa mara ya kwanza bila kuigusa. Ilikuwa nzuri. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Adhuhuri ikakaa. Mwanzoni walifurahi. Walipasiana karanga kutoka sanduku hadi sanduku, wakaimba, wakauliza kama kuna yeyote anayeiona alasiri, wakacheka. Wabomoaji hawakuja. Kisha karanga zikaisha, na adhuhuri ilikuwa ile ile. Maji yakaisha. Vivuli havikutoka chini ya miguu. Mbao zikawa za moto. Ndani ya masanduku wakaanza tena kijani na samawati, wakaanza na mambo mengine, ya mipaka, ya nani alimkosea nani arusini, na hakuna aliyeweza kuinuka akaenda zake.

Juu kabisa kulikuwa na jambo baya zaidi. Kileleni mtu alizoea kukaa pumzi moja. Sasa Maalim Vuai alikuwa amekaa adhuhuri nzima. Alikuwa na miaka saba, na ikabaki saba. Kofia ilimshuka mpaka puani. Kwanza alicheka kwa furaha hata wote wakanyamaza kumsikiliza. Kisha akasema ana kiu. Kisha akauliza mbona amewekwa juu, nani amemweka, na hawa watu ni nani. Wakamwambia, wewe ndiye mkubwa wa Wapenzi wa Pembea, wewe ndiye uliyetupandisha. Akasema hawajui. Akasema anamtaka mama yake. Akalia, na kilio chake kilishuka kwenye mikono ya gurudumu mpaka chini, na kilikuwa kile kile alichodai Bi Mwanakombo kukisikia siku iliyopita.

Na Siwema akaona kitu. Umri unaomtoka yule mtoto ulikuwa unaanguka kama siku zote, lakini chini hapakuwa na mtu. Ulianguka ndani ya sanduku la nane, mkavu, wa kijivu, mwembamba kama unga wa mbao chini ya msumeno, ukaanza kujaa. Miaka minane alikuwa akiubeba bila kujua una rangi gani. Alinyanyuka akauchota kwa kiganja. Ulikuwa na harufu ya maji waliyomwoshea mama yake.

"Siwema," aliita Machano. Sanduku lake lilikuwa la pili kutoka chini, upande wa kupandia. "Dada Siwema. Sukuma kidogo tu, tupate kivuli."

"Nikisukuma, alasiri inafika," alisema Siwema. "Kibao kinasema alasiri."

"Na ifike," alisema Machano.

"Isifike," walisema Wapenzi.

"Sukuma nusu," alisema mtu, na wote wakaona ni neno la busara. "Nusu, binti. Mtoto analia huko juu, huna huruma?"

"Mama yako hangefanya hivi."

"Mama yako alikuwa mtu."

"Tulimzika sisi."

Sauti zilitoka masanduku saba, zikachanganyika, zikawa sauti moja, na ile sauti moja haikuwa ya zamani wala ya mpya. Ilikuwa ya watu walioko juu. Siwema aliisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu, kama alivyosikiliza kila kitu katika maisha yake. Aliona sasa kwamba ugomvi wao haukuwa juu ya Pembea. Walikuwa wanagombania wainuliwe na nini, mti au chuma. Hawakuwa na ugomvi kabisa juu ya nani abaki chini. Na aliona jambo la pili, akashangaa halikumjia mapema: kwamba tangu siku ile ya msiba, mji ule ulikuwa umekaa mikononi mwake, na jua, na wali wao, na usingizi wao, naye alikuwa anaomba zamu.

Mtungi ulikuwa umejaa.

Alikwenda kwenye sanduku la nane. Akaufagia ule unga kwa upindo wa kanga, akaingia, akakaa. Mbao ilikuwa na moto. Ilikuwa na kijibonde katikati, makalio ya mji mzima yalikuwa yamekichonga, naye akakaa humo kama mgeni aliyepewa kitanda cha mtu. Unga ukaendelea kumwangukia begani, kama siku zote. Tofauti ni kwamba sasa aliuona.

Watu wa masanduku saba wakachungulia chini. Hata mtoto kileleni aliinua kofia puani achungulie.

"Nami nimepanda," alisema Siwema. "Mmoja wenu ashuke anisukume. Siutaki mji mzima, namtaka mmoja. Nikifika juu nitashuka, nami nitamsukuma yeye, naye atamsukuma atakayefuata. Ndivyo ilivyokuwa."

Upepo haukuwepo. Machano alikuwa anaisoma picha yake.

Upande wa kushukia, sanduku la kwanza lilining'inia chini kiasi kwamba aliyekaa ukingoni angeruka kimo cha mtoto tu akawa amesimama mchangani. Aliyekaa ukingoni alikuwa Bi Mwanakombo. Miguu yake ilikuwa nje, inaning'inia, visigino vina hina ya arusi ya juzi. Walikuwa karibu hata Siwema angeweza kumgusa. Ukuta mmoja, miaka yote. Chumvi ikiisha huku, inatoka kule.

"Bi Mwanakombo," alisema. "Wewe uko karibu na chini. Nisukume."

Bi Mwanakombo aliutazama mchanga. Akamtazama Siwema, mikono yake, nyufa zake, na midomo ikacheza kama inayotaka kuanza hadithi. Jua likangoja. Kisha taratibu, mguu mmoja, halafu wa pili, akaikunja miguu yake akaipandisha ndani ya sanduku.